Kopo la Firigisi

Mwaka ule Kalemie ilikosa chumvi, ikakosa sukari, ikakosa sabuni. Konokono wa Ulaya hawakukosekana, angalau nyumbani kwetu. Walikaa chini ya kitanda changu, ndani ya makopo yenye karatasi ya rangi ya dhahabu, na kila asubuhi nilipotafuta kiatu cha shule mkono uliwagusa wao kwanza.

Waliletwa na mama mdogo, yaani mdogo wake Mama, ambaye alikuwa muuzaji kwenye duka la Mgriki mmoja karibu na stesheni ya treni. Serikali ilipowanyang'anya wageni maduka na kuwagawia wananchi, duka lile lilimwangukia sitwayeni mmoja, mwananchi mwenzetu, kutoka mbali ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Alishuka na abakosti mpya, suti isiyo na tai, na mkoba usio na kitu. Akauza vitenge. Akauza sukari na chumvi. Akauza mizani, akauza na rafu zilizokuwa zimebeba vitu, na vilipokwisha vya kuuzika akapanda treni akaenda zake. Sakafuni alibakiza kile ambacho Kalemie nzima haikukitaka hata bure: makopo na chupa za rafu ya juu, ambazo Mgriki alikuwa akiwaagizia wazungu wa reli na wa kiwanda cha nguo wapate kusherehekea Noeli. Mama mdogo aliambiwa achukue, iwe ndiyo asante ya kazi yake. Akaja nazo kwenye kigari cha kusukuma, analia na kucheka kwa zamu.

"Dada," alimwambia Mama, "nimeleta chakula cha wakubwa. Chumvi hamuna ndani."

Mimi nilikuwa mwaka wa tatu kwenye lise, sekondari ya masista. Papa, baba yangu, karani wa bandarini, alikuwa analipa karo, minerval, ili nijue Kifaransa, akaona sasa ndio wakati wa pesa yake kurudi: nikawa mkalimani wa makopo. Nasoma karatasi, familia inasikiliza, maji ya bukari, ugali wetu, yanachemka. Niseme tu kwamba mkalimani anaweza kufurahi sana katika kazi yake. Wadogo zangu niliwaambia kwamba zile fimbo nyeupe laini, asparaga, ni vidole vya watawa wa Ulaya waliokataa kusali. Walikula macho wameyafumba. Mmoja aliomba nyongeza.

Basi tukaila dunia. Tulikula maini ya bata bukini, ambayo kopo lilisema ni ya kupakwa kwenye mkate wa kuchomwa. Mkate haukuwepo, tukayapaka kwenye bukari na yakayeyuka kabla ya kufika mdomoni. Tulikula mayai meusi madogo ya samaki wa bahari fulani ya baridi. Mama aliyatazama kwa muda mrefu. Sisi ni watu wa ziwa, na kwetu mayai ya samaki ni ya yule anayepasua samaki, anayala palepale mafigani hata hafikirii, kama mtu anayelamba kidole. Kwamba kuna watu wanaoyafungia kwenye kikopo kidogo kuliko kikopo cha dawa ya kiatu, wakayavusha bahari, Mama aliona ni huzuni fulani ya huko kwao. Akayakaangia nyanya na mawese. Yalikuwa mazuri, yakatosha midomo miwili.

Kulikuwa na uyoga mweusi wa kuchimbwa, kitonge kimoja ndani ya chupa kama jicho la mtu. Papa alisema anasikia ladha ya stovu ya petroli. Kulikuwa na mioyo ya mmea ambao hata masista hawakuweza kunieleza vizuri, na matunda ya kijani yenye chumvi, ambayo tulitupa matunda tukapikia maji yake, kwa sababu ya ile chumvi. Kulikuwa na pombe ya kijani yenye harufu ya mnanaa. Hiyo Mama aliwapaka wadogo zangu kifuani wakikohoa, na haijawahi kutokea Kalemie watoto wakakohoa mara nyingi namna ile.

Sikusema tulikuwa tunashukuru. Baada ya miezi kadhaa wadogo zangu walikuwa wakiona kopo wanaanza kulia. Walitaka ndakala, dagaa wetu. Walitaka sombe, majani ya muhogo. Jirani akikaanga ndakala, harufu ikavuka uzio, nyumba nzima ilinyamaza na vijiko mkononi mbele ya maini ya bata bukini.

Katikati ya mambo hayo Yaya alipata mchumba.

Yaya ni dada yangu mkubwa, anashona nguo, haongei sana, na mimi huwa nasema amenipa mimi sehemu yake ya maneno. Mchumba alikuwa kijana wa umeme wa Bendera, kule kwenye mitambo zinakotoka taa za Kalemie. Jumamosi alishuka mjini na lori la kazini, Jumapili akapanda. Taa zikizimika mtaani watu walimtazama Yaya kama kwamba wamegombana. Yaya alimpenda. Hakusema, lakini alianza kupiga pasi vitu visivyopigwa pasi.

Shida haikuwa kijana. Shida ilikuwa wazee wake, na alikuja kutueleza mwenyewe, ameketi kwenye kochi letu anazungusha kofia kwenye magoti.

Baba yake, marehemu, alikuwa mtu wa upande wa Manono, na huko mtoto ni wa ukoo wa baba. Mama yake ni wa Mpala, huku kandokando ya ziwa, na huko mtoto ni wa mjomba. Kwa hiyo kijana alikuwa na wakubwa wawili, na kila mmoja alikuwa na haki kwa desturi ya kwao: baba mkubwa, mchimba madini mstaafu, na mjomba, mwalimu wa katekisimu mwenye sauti ya kanisani. Walikwisha kwenda pamoja mara moja kumposea msichana mmoja kule Moba. Chakula kikaletwa. Kuku akaletwa. Na firigisi ya kuku ikawekwa kwenye sahani ya mjomba.

"Baba mukubwa alifanya nini?" Mama aliuliza, ingawa uso wake ulikuwa umeshajua.

"Alinawa mikono, Mama. Alinawa kama muntu amemaliza kula, na hajakula. Akachukua kofia yake."

"Na musichana?"

"Ameolewa na muntu mwingine. Ana mutoto."

Tukainamisha vichwa kumheshimu yule mtoto.

"Sasa amekubali kuja mara moja tu," kijana akasema. "Ameniambia, kama firigisi inaenda tena kwa yule, mimi nisimuite tena baba. Na mujomba ameniambia maneno yaleyale, lakini kwa Kilatini kidogo. Mama, wakiachana tena, mimi sitaweza kuwakusanya. Na bila wao hakuna ndoa."

Yaya alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Niliona vidole vya miguu yake vinajikunja.

Labda yupo mtu asiyejua, basi nieleze. Kuku ana nyama nyingi lakini ana firigisi moja, na firigisi ni ya mkubwa wa wanaume walioketi. Wanawake hawaili. Watoto hawaili. Ukimpikia mgeni kuku ambaye firigisi haionekani, umemwambia kwamba kuna mtu mkubwa kuliko yeye amejificha mahali. Papa amekula firigisi zote za maisha yangu. Huwa anaitafuna polepole akitazama ukuta, kama mtu anayetia sahihi.

Kijana aliporudi Bendera, kikao kilikaa jikoni: Papa, Mama, mama mdogo, na mimi ambaye sikualikwa.

Mama mdogo alisema tuwapikie samaki. Sangala mkubwa, hana firigisi, yamekwisha.

"Wakwe wakule samaki kwangu siku ya kwanza," Mama akasema. "Niko na matanga?"

Mimi nikasema tuchinje kuku wawili. Hapo wote walinitazama kwa huruma, kwa sababu kideri kilikuwa kimepita mtaani, ule ugonjwa wa kuku, na kuku waliobaki Kalemie walikuwa wanajulikana mmoja mmoja kwa sura. Mama alikuwa ameahidiwa mmoja na rafiki yake wa kwaya ng'ambo ya mto Lukuga. Mmoja tu. Kuku huyo alipofika alitembea uani kwetu kama kamishna wa mkoa, na hakuna aliyethubutu kumfukuza jikoni.

"Nitaikata katikati," Papa akasema. "Nusu huyu, nusu yule."

"Nusu firigisi njo matusi mara mbili," Mama akamjibu; kwetu njo ni ndiyo.

Papa akasema basi ataila yeye mwenyewe, mwenye nyumba. Kuna mambo ambayo mtu anayasema ili kikao kiishe.

Siku moja kabla ya wageni, Mama alianza kutafuta kitu cha kumsindikiza kuku, maana kuku mmoja hajazi meza. Chini ya kitanda changu kulikuwa na kopo moja kubwa, zito, ambalo karatasi yake ilikuwa imeoza kwa unyevu. Kilichobaki ni picha ya bata, shingo juu, kwenye majani. Nikatafsiri: bata. Mama akaona hiyo ni nyama ya heshima. Akalifungua kwa kisu.

Ndani kulikuwa na mafuta meupe yaliyoganda. Mama akaingiza kijiko, akatoa firigisi.

"Aa," akasema, "huyu bata wamemuwekea na firigisi yake. Wazungu wana adabu kumbe."

Akaingiza tena. Akatoa firigisi. Akaingiza upande mwingine. Firigisi. Akafika chini, akaligeuza kopo lote kwenye sinia, na firigisi zikateleza zikakaa zikituangalia, zimepikwa, laini, zote ukubwa mmoja. Nyama nyingine haikuwepo hata uzi.

Mama aliketi kwenye kiti kidogo. Papa aliitwa kutoka sebuleni, akaja na miwani.

"Hawa bata wote," alisema, "walikuwa na wenyewe."

"Njo kusema," mama mdogo akaongeza, "kuna wababa huko wamekula bata bila firigisi, mutaa muzima, ili sisi tufungue hili kopo."

Papa alitikisa kichwa. Nilimwona anawaza juu ya wababa wale. Duka lilinyang'anywa, ukoloni ulipita, yote hayo Papa aliyachukua kwa utulivu; lakini kopo lile lilimfanya awasikitikie wazungu kwa mara ya kwanza.

Mimi nilikuwa ninazitazama na hesabu ilikuwa inajifanya yenyewe kichwani. "Mama," nikasema, "si uwape kila mukubwa bakuli yake. Bakuli mbili. Zijae."

"Funga mudomo," Mama akasema. Halafu akanyamaza, na akaendelea kunyamaza, na mtu anayemjua Mama anajua hapo mdomo wangu ulikuwa umeshinda.

Ikapangwa hivi. Bakuli mbili zinazofanana, za maua, zenye vifuniko. Firigisi sawasawa kila moja. Mimi nabeba moja, mama mdogo anabeba nyingine, tunaingia mguu kwa mguu, tunapiga goti pamoja, tunafunua pamoja. Kuku mwenyewe anakuja nyuma kwenye sinia kubwa la wote, katika mchuzi. Tulifanya mazoezi uani na bakuli tupu mpaka kamishna wa mkoa akatukimbia. Alikuwa bado hai, hiyo ndiyo jioni yake ya mwisho.

"Na firigisi yake yeye?" mama mdogo aliuliza.

"Hiyo tutaona," Mama akasema.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, nilikuwa jikoni nasaga pilipili. Mama alikuwa ametoka kupokea viti vya jirani. Yaya aliingia amevaa kitenge kipya, akafunua chungu cha kuku, akatazama ndani. Akachovya kijiko, akatafuta, akaipata. Akaipuliza. Akaitia mdomoni.

Nilisimama na jiwe la pilipili mkononi. Mimi ndiye ninayejulikana kwa mambo ya namna hiyo. Yaya hajawahi hata kuonja mchuzi bila kuomba. Alitafuna polepole, akitazama ukuta, kama Papa kabisa. Alipomeza akafuta mdomo kwa kona ya kitenge.

"Wasigombane," akasema.

Ikawa ndiyo hotuba yake. Akarudi chumbani.

Wageni walifika kwa miguu kutoka stesheni na kutoka ziwani, kila mmoja kwa njia yake, wakakutana kwenye mlango wetu na wakasimama. Nani aingie kwanza. Kijana wa watu alikuwa katikati yao, jasho linamtoka kama mtu anayeshika waya mbili. Mwishowe waliingia bega kwa bega, pamoja, na mlango wetu si mpana.

Papa alikuwa ametunza chupa moja ya shampeni kwa siku hiyo. Kwetu kinywaji cha mgeni hufunguliwa mbele ya macho yake, na mwenye nyumba huonja kwanza, ili ijulikane hakuna kitu kibaya ndani. Papa akazungusha waya, akavuta. Kizibo kilipiga bati la paa na mlio wake Kalemie tunaujua, tuliusikia sana miaka ile ya waasi. Nilipotazama, baba mkubwa na mjomba walikuwa wote wawili chini, nyuma ya kochi moja. Ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana jambo.

Waliinuka wakajipangusa. Papa aliomba radhi, akaonja, povu likamwingia puani, akapiga chafya, akatangaza kwamba kinywaji ni salama. Wakanywa. Ilikuwa ya vuguvugu.

"Lemonadi," baba mkubwa akasema.

"Lemonadi iliyolala," mjomba akasema.

Tuliingia na bakuli. Mguu kwa mguu, goti kwa goti. Kichwani nilikuwa nasema moja, mbili, kama siku ya gwaride. Tukafunua.

Wazee walitazama chini. Kila mmoja alikuwa amejiandaa kutazama bakuli ya mwenzake, nadhani, lakini hakuna aliyeweza kuondoa macho kwenye yake. Firigisi zilikuwa zimepandana kama mawe ya kujengea. Kijana wa Bendera alifumba macho.

Baba mkubwa alichukua moja, akaigeuza, akaiweka. Akachukua nyingine.

"Mukwe," alimwambia Papa kwa upole sana, "hii ni bata?"

"Ni bata," Papa akasema.

"Wengi."

"Ni wengi kidogo."

Baba mkubwa akatazama sinia. Kuku mmoja, mchuzi, pilipili. Akatazama mlango wa jikoni. Mjomba naye akautazama. Niliona mawazo yao yanatembea njia moja, na sisi jikoni hatukuwa tumelifikiria hilo hata kidogo, kwenye mazoezi yote.

"Na nyama?" mjomba akauliza. "Muntu akichinja bata wote hawa, mwili unaenda wapi? Kuna wakwe wengine huko nyuma wanakula?"

"Nilitaka kuuliza vile," baba mkubwa akasema. "Mutuonyeshe firigisi, mufiche bata. Hata Moba hawakutufanyia hii."

Papa alifungua mdomo. Papa hajui kudanganya. Kazi yake ni kuhesabu magunia mbele ya mwenye magunia. Alifunga mdomo. Kofia ya baba mkubwa ilikuwa kwenye goti lake la kulia, na mkono wake ukaanza kusogea kuelekea huko, na nilijua nyuma ya pazia kuna vidole vya miguu vinajikunja.

Nilitoka. Niliporudi nilikuwa na kopo tupu, nikaliweka katikati ya meza, upande wa bata ukiwatazama.

"Zote zilikuwa humu, ba-Papa," nikawaambia wazee, maana kwetu kila mzee ni Papa. "Bata wenyewe walibaki Ulaya."

Papa alitazama paa.

Baba mkubwa alilichukua kopo. Alitazama ndani, akalinusa, akapitisha kidole kwenye mafuta. Akampa mjomba bila kumtazama. Mjomba akavaa miwani, akasoma kile kidogo kilichobaki, akageuza kopo juu chini kana kwamba bata watadondoka.

"Firigisi peke yake?"

"Peke yake, Papa."

"Wanauza?"

"Dukani, rafu ya juu."

"Sasa muntu anaingia dukani," mjomba akasema polepole, "kijana tu, hana muke, hana mutoto, anatoa pesa, anapewa firigisi."

"Hata mwanamuke anaweza kuingia," baba mkubwa akasema.

"Hata mutoto."

Wakatazamana. Sidhani walikuwa wametazamana tangu Moba.

"Kule nyumbani kwao nani njo mukubwa?" mjomba akauliza.

"Hakuna. Nilifanya nao kazi Manono miaka mingi. Nilikuwa nawaona. Kila mumoja anakula kwa sahani yake, kila mumoja anachukua nyama anayotaka. Niliona, nikanyamaza."

"Njo maana waliondoka."

"Njo maana."

Basi wakaanza kula zile firigisi, bakuli zote mbili, bila heshima yoyote, kama mtu anavyokula karanga. Walikubaliana kwamba ni laini mno, kwamba firigisi ya kweli lazima ipigane na meno, na kwamba firigisi isiyo na kuku wake ni nyama tu, haimfanyi mtu kuwa chochote. Wakampa Papa. Wakampa kijana, ambaye alikuwa hajawahi kuonja firigisi maishani, akatafuna na macho yamejaa maji. Nikaona kazi imekwisha, nikaanza kukusanya vifuniko.

Hapo mjomba akachota mchuzi wa kuku, akasimama na tonge hewani.

"Lakini huyu," akasema, akielekeza sinia kwa kidevu, "huyu hakutoka kwa kopo. Nimeona manyoya yake nje."

Nikaviacha vifuniko.

"Huyu ana firigisi ya kweli," baba mkubwa akasema. Mgongo wake ulinyooka. "Iko kwa nani?"

Papa akamwita Mama. Mama akaja mlangoni, akasema iko kwenye mchuzi. Baba mkubwa akatafuta na kijiko upande wake, mjomba upande wake, vijiko vikagongana katikati. Hawakuipata. Mama akanigeukia mimi, na Papa akanigeukia, na hata kijana wa Bendera ambaye ananijua kidogo tu akanigeukia. Sifa ya mtu inafika mbali.

Pazia likafunguka. Yaya alikuja akapiga goti mbele ya wazee wote wawili, katikati kabisa, kama aliyepima kwa kamba ya cherehani.

"Firigisi nimeikula mie, ba-Papa," akasema.

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye chuma na niliona ni vizuri kwamba anaendelea.

"Wewe," baba mkubwa akasema. "Mwanamuke."

"Ndiyo, Papa."

"Mwenyewe. Yote."

"Yote, Papa. Ilikuwa ngumu."

Baba mkubwa aliinama kumkaribia. Kisha akauliza, na sauti ilikuwa imeshuka, kama mtu anayeuliza bei ya kitu anachokitaka: "Kwa hiyo huyu hapa hakukula?" Kidevu kilimwonyesha mjomba.

"Hapana, Papa."

"Hata kidogo."

"Hata mate yake, Papa."

"Na yeye?" mjomba akadakia. "Hata yeye?"

"Hata yeye, Papa."

Wazee wakafikiri. Niliwaona wanaizunguka ile habari, kila mmoja kwa upande wake, wakitafuta ilipooza, na hawapaoni. Mjomba alikuwa wa kwanza kukohoa. Alisema kwamba kwao Mpala, kama mtu akitazama vizuri, ukoo wenyewe unapita kwa mwanamke, kwa hiyo hakuna kilichoharibika sana. Baba mkubwa alisema hakuuliza habari za Mpala. Lakini aliondoa kofia kwenye goti, akaiweka sakafuni, mbali, mahali ambapo mtu anaweka kofia anapotaka kukaa.

"Mradi hakula yeye," akasema. "Tukule. Bukari inapoa."

Mahari ilizungumzwa siku hiyohiyo, na walipobishana walibishana na Papa, wao wawili wakiwa upande mmoja. Papa alisema baadaye kwamba laiti wangekuja wamegombana.

Walipoondoka, kwenye sinia jikoni zilibaki firigisi mbili tatu za kopo. Mama alifunga mlango wa uani. Akachukua moja, akaikata kwa meno, akatafuna, akameza.

"Njo hii tu?" akasema.

Papa alikuwa mlangoni na alisikia. Tangu siku hiyo akipewa ya kwake anaitafuna haraka, na hatazami ukuta.

Yaya sasa anaishi Bendera. Taa zikizimika tunamtumia salamu. Likizo iliyopita nilikaa kwao, wakachinja jogoo, na nilitega macho kuona inaenda kwa nani. Mume wake aliikata vipande vingi vidogo akavimwaga kwenye mchuzi, akaukoroga, na hakuna aliyejua amekula nini. Nilivunjika moyo kidogo.

Makopo yamekwisha, isipokuwa yale ya konokono. Chumvi imerudi sokoni, sukari bado. Wadogo zangu wameomba konokono watupwe ziwani, na mama mdogo amesema angalau tufungue moja tuone. Papa amekataa. Anayafuta vumbi mwenyewe Jumapili, anayarudisha chini ya kitanda changu, na akiulizwa anasema hayo ni akiba, ni ya wakwe zangu mimi, siku wakija. Kwa mdomo wangu huu, anasema, watakuwa watu wa kustahili konokono.